Kuuandaa msumeno wa meza kwa seremala asiyeona

Maswali ni yale yale. Kila nikipata mgeni karakanani, awe mwenzangu asiyeona aliyezoea randa na patasi, au tajiri anayetaka kumwajiri fundi asiyeona, atauliza matatu: bledi, lile gurudumu la meno linalokata, utajuaje iko wapi? Utapimaje? Na utajuaje imesimama? Nimeona heri niyaandike yote mahali pamoja, kwa mpangilio, ili simu ikusomee hatua moja, uisimamishe, uifanye, kisha uendelee.

Mimi sioni. Karakana yangu iko Kisauni, na msumeno wa meza naufanyia milango, vitanda na masanduku. Jambo moja ndilo linalobeba mengine yote hapa chini: mkono wa seremala asiyeona haupapasi karibu na bledi, unapelekwa. Kila kipimo kiwe na kitu cha kugusa, na kila mwendo uwe na reli ya kuufuata na kikomo cha kuusimamisha. Palipo na kubahatisha, mashine haijawa tayari.

Kama hujawahi kupiga randa, kukata kwa msumeno wa mkono na kuitambua mbao iliyopinda kwa kupitisha kiganja, anzia huko. Mashine hii itakusubiri.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Kwanza mashine yenyewe. Iwe na fensi, yaani ule ukuta mrefu wa chuma unaoegemeza mbao, inayofunga imara. Iwe na kinga juu ya bledi. Tena iwe na kisu cha nyuma, kile kibati chembamba kinachosimama nyuma ya bledi na kupanda na kushuka pamoja nayo. Kazi yake ni kuzuia mbao iliyokwisha pasuliwa isijikunje na kuibana bledi. Mbao ikibana bledi hupigwa teke, irudi kwako kwa kasi ambayo hakuna mtu anayeweza kuikwepa, mwenye macho wala asiye nayo.

Zile mashine za kuchomelea, mota na bledi chini ya kibati, bila kinga wala kisu cha nyuma, usizihangaikie. Najua ndizo zilizojaa mitaani na bei yake ni rahisi. Hata hivyo hakuna alama ya kugusa wala kipimo kitakachoziponya. Na tajiri akikwambia kinga inachelewesha kazi, mkumbushe kwamba Sheria ya Kenya ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka afunike sehemu za hatari za mashine zake.

Huko Marekani kuna misumeno ya SawStop inayohisi mwili wa mtu kwa umeme na kuisimamisha bledi kwa muda wa milisekunde 5 hivi. Ukijaliwa kuupata, shukuru, kisha ufanye hatua zote hizi vilevile, kwa sababu hauzuii teke.

Vitu vingine:

- Swichi ya sumaku, ile ambayo stima ikikatika hujizima na haijiwashi stima ikirudi.
- Plaiwudi nzuri ya milimita 18, na mabaki ya mvule au mbambakofi.
- Mabaki ya alumini kutoka kwa mafundi wa madirisha.
- Fimbo ya hesi ya M6, yaani ya unene wa milimita 6, urefu wa sentimita 20, na nati zake 3.
- Klampu 4, skwea ya chuma, tupa ndogo, gundi ngumu ya kuchanganya, mshumaa.
- Sumaku yenye nguvu ya kutafutia misumari.
- Miwani ya kinga, barakoa ya vumbi, vizibo vya masikio. Jicho lisiloona nalo huumia likiingiwa na kibanzi.
- Mtu mwenye macho unayemwamini, kwa nusu siku ya kwanza.

Glavu hapana. Bledi ikishika uzi mmoja wa glavu inavuta mkono mzima. Mikono mirefu ya shati ikunjwe, na kama umefunga kikoi, ncha zake zichomekwe.

Hatua za kazi

1. Panga mahali na watu. Mashine ikae pale pale siku zote, imefungwa sakafuni kwa bolti, na njia ya kuifikia isiwekwe hata ndoo. Nyuma yake weka meza nyingine ya kimo sawa, ipokee mbao ndefu zisiinamie chini. Waya wa stima upite ukutani.

Kisha wawekee watu sheria. Karakanani kwangu anayekuja hupiga hodi mlangoni na kusubiri. Mashine ikinguruma haingii, haniiti, hanigusi bega. Nimegombana na marafiki kwa ajili ya hili na niko tayari kugombana tena.

2. Weka swichi na uijaribu. Funga swichi ya sumaku upande wa mbele, kushoto kwa bledi. Juu ya kitufe cha kuzima funga kibao kipana chenye bawaba, kishuke hadi pajani, ili uzime kwa kukisukuma kwa goti huku mikono ikibaki ilipo. Kibao kitobolewe tundu mahali pa kitufe cha kuwasha, lenye kina cha kutosha kisiguswe kwa bahati mbaya.

Sasa jaribu. Shusha bledi yote chini ya meza, washa, mwambie mwenzako azime soketi ukutani, subiri, kisha aiwashe tena. Mashine ikijiwasha yenyewe, usiitumie mpaka swichi ibadilishwe. Stima ya Mombasa inajulikana. Inaondoka katikati ya mkato, kimya kinaingia, unasogea kuona kuna nini, ndipo inaporudi.

3. Plagi iwe mbele yako. Soketi ya mashine ifungwe kwenye mguu wa mbele wa meza ili plagi ichomolewe bila kuzunguka. Kuanzia leo, kabla ya kuigusa bledi au kitu chochote kilicho karibu nayo, plagi itoke na iwekwe juu ya meza, mbele ya tumbo lako. Ukinyoosha mkono usiikute plagi hapo, rudisha mkono. Sheria hii haina haraka, haina "mara hii tu".

4. Hesabu muda wa bledi kusimama. Hili ndilo linalowadanganya wengi. Ukizima, mota hunyamaza, lakini bledi inaendelea kuzunguka kwa muda bila sauti ya kutosha kusikika, hasa tuktuk zikipita nje. Mwambie mwenzako apime kwa simu, kutoka kuzima hadi jino la mwisho kutulia, mara 5. Chukua muda mrefu kuliko yote, uzidishe mara 2. Ikitoka sekunde 15, wewe hesabu hadi 30, polepole. Baada ya kuhesabu, zungusha mkono wa mashine ushushe bledi chini ya meza. Hapo ndipo unapochomoa plagi.

5. Ijue mashine ikiwa imezimwa. Plagi juu ya meza, pandisha bledi, ipitie mashine yote kwa vidole: ukingo wa mbele, mifereji miwili ya mezani, fensi, bledi, kisu cha nyuma, kinga. Rudia mpaka uweze kuielezea kwa maneno bila kuigusa.

Halafu tia alama kwenye ukingo wa mbele wa meza, mahali ambapo mbao haipiti. Tone moja la gundi ngumu liwe mkabala na bledi. Matone mawili yaliyokaribiana yawe sentimita 15 kushoto kwake, na mengine mawili sentimita 15 kulia. Mashine ikiwaka, mkono hauingii kati ya alama hizo za pembeni, isipokuwa umeshika kisukumio cha hatua ya 9. Mwili wako usimame kushoto kwa alama ya bledi. Teke huja kwenye mstari ulio kati ya bledi na fensi.

6. Nyoosha fensi. Katika mfereji wa meza weka ufito unaoteleza bila kucheza, wenye skrubu iliyotokeza kuelekea fensi. Sogeza fensi hadi skrubu iache nafasi ya kipande kimoja cha karatasi upande wa mbele, uifunge, kisha telezesha ufito hadi nyuma. Karatasi ikipita nyuma kwa ulegevu uleule, fensi imenyooka. Ikipita kwa ulegevu zaidi kidogo, sawa. Ikibanwa nyuma, usikate: fensi inayoelekea bledi ndiyo inayozaa teke.

Mafundi wengi huirekebisha fensi na kusahau bledi. Igeuze skrubu ielekee bledi, iguse jino moja upande wa mbele, uzungushe bledi kwa mkono jino lilelile lifike nyuma, ujaribu tena. Bledi ikiwa imekwenda upande, rekebisha kwanza bledi, kisha ndiyo uje kwa fensi.

7. Tengeneza mawe ya kupimia. Wazee wetu walipima kwa mizani na mawe, wakichanganya madogo na makubwa mpaka uzito upatikane. Fanya vivyo hivyo na upana. Tengeneza vipande 10 vya unene huu kwa milimita: 1, 2, 2, 5, 10, 20, 20, 50, 100 na 200. Kwa vipande hivyo 10 unapata kila kipimo kuanzia milimita 1 hadi 410. Ukitaka 87, unachukua 50, 20, 10, 5 na 2.

Vidogo viwe vya alumini, vikubwa vya mvule iliyokauka vizuri. Mwenzako avihakikishe kwa kipimo cha chuma mara ya kwanza. Kisha tia alama kwa tupa: mkwaruzo mmoja kwa 1, miwili kwa 2, mitano kwa 5. Tundu moja maana yake ni makumi, matundu mawili ni mamia. Mikwaruzo 5 na tundu 1 ni 50.

Usitumie MDF, ule ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi. Vyangu vya kwanza niliviunga kwa MDF. Masika yalipoanza vikanyonya unyevu wa pwani, kipande cha 50 kikanenepa karibu milimita nzima, nami nikapasua fremu za milango 6 nikivitegemea. Hakuna hata mlango mmoja uliokubali kuingia.

Kuvitumia ni hivi. Plagi juu ya meza. Meno ya bledi hupishana, moja limeelemea kushoto na jingine kulia. Tafuta lililoelemea upande wa fensi. Egemeza mawe yako kwenye fensi, usogeze fensi mpaka yaguse jino hilo, uzungushe bledi nyuma kidogo kwa mkono. Ukisikia jino linakwaruza kwa sauti ya chini sana bila kuyasukuma mawe, umefika. Funga fensi, kisha jaribu tena, kwa sababu fensi nyingi husogea zinapofungwa.

Kwa marekebisho madogo tumia fimbo ya hesi. Pachika nati moja katika gogo dogo, ulifunge kwa klampu kwenye reli ya mbele, na fimbo isukume kichwa cha fensi. M6 ya kawaida huenda milimita 1 kwa kila mzunguko mmoja. Kichwa cha fimbo kiwe cha mraba, ili robo mzunguko uijue kwa kidole. Hadhari moja: fimbo ya robo inchi inafanana sana na M6 mkononi, lakini hesi yake ya kawaida huenda milimita 1.27. Dukani zungusha nati mara 20. Ikiwa imesogea milimita 20 kamili ndiyo yenyewe.

Wenzetu wasioona huko Marekani wamekuwa wakipimia kwa fimbo za hesi kwa miaka mingi, ila zao zinahesabu sehemu ya 16 ya inchi. Sisi tunaouziwa mbao kwa inchi na kuletewa oda kwa sentimita tuna haja ya kuchagua moja. Mimi nimechagua milimita.

8. Kimo cha bledi bila namba. Plagi juu ya meza. Laza mbao utakayoipasua kando ya bledi, juu yake weka jiwe la 5, juu ya jiwe weka kijiti kilichonyooka kinachovuka hadi juu ya bledi. Pandisha bledi polepole huku ukiizungusha kwa mkono. Jino la juu kabisa likianza kukikwaruza kijiti, acha. Kimo ni unene wa mbao na milimita 5, wala hukuhitaji kujua unene wenyewe.

9. Kisukumio kinachoipanda fensi. Hiki ndicho kifaa cha thamani kuliko vyote. Fensi nyingi ni fupi, kwa hiyo kwanza ifungie ubao wa plaiwudi wa kimo cha sentimita 12. Ubao huo umeongeza unene, basi pima upya kuanzia uso wake. Kisha tengeneza kisukumio kwa plaiwudi, mashavu mawili na paa juu, kiikalie fensi kama tandiko la punda, kiteleze mbele na nyuma bila kuyumba. Mshikio uwe juu ya paa, ili mkono wako uwe juu ya fensi wakati wote. Haiwezekani kuteleza kuelekea bledi, kwa kuwa tandiko halitoki relini.

Shavu la upande wa bledi liishie juu ya mbao, na nyuma yake liwe na kisigino kinachoshuka kuukamata mwisho wa mbao. Tengeneza kimoja cha mbao za inchi 1 na kingine cha inchi 2. Mwisho wa fensi funga kikomo cha gogo, kisukumio kigote pale ambapo mbao imekwisha pita kisu cha nyuma. Ukisikia "tok", mkato umekwisha.

Mkono wa kushoto hauna kazi hapa. Badala yake tumia kitana: ubao uliochanwa vidole vyembamba kwa msumeno, ukafungwa mezani kwa klampu uisukume mbao kwenye fensi. Kitana kikae kabla ya bledi. Ukikiweka mkabala na bledi kitaibana mbao na kuleta teke. Mkono wa kushoto unashika ukingo wa mbele, nje ya alama.

Usipasue kwa njia hii upana ulio chini ya milimita 60, wala mbao fupi kuliko sentimita 30. Vijiti vyembamba vikate kwa msumeno wa mkono. Hakuna aibu.

10. Kigari cha kukata kukingama. Kukata mbao kukingama, yaani kuvuka upana wake, huku imeegemea fensi ni kosa kubwa. Hugeuka, hukwama, huruka. Tengeneza kigari: sakafu ya plaiwudi ya sentimita 60 kwa 50, fito mbili chini zinazoingia kwenye mifereji ya meza, kuta mbili, ya mbele na ya nyuma. Ukuta wa upande wako uwe na mishikio miwili, kila mmoja sentimita 15 au zaidi kutoka njia ya bledi. Nje ya ukuta huo, pale bledi inapotokea, gundisha sanduku la mbao ngumu la sentimita 10, bledi ijifiche ndani yake. Juu ya njia ya bledi weka daraja la mbao kutoka ukuta hadi ukuta, maana katika mashine nyingi kinga huondolewa kigari kikitumika. Kisu cha nyuma kibaki. Chini ya kigari weka kikomo kinachokizuia kisiende zaidi ya sanduku.

Mbao ifungwe kwa klampu kigarini, kisha mikono yote miwili irudi kwenye mishikio. Urefu upime kwa kigogo cha kikomo na mawe yako.

Kujua kama kigari kinakata mraba: kata ubao mpana, geuza nusu moja juu-chini, uziegemeze zote mbili kwenye kitu kilichonyooka na kuziunganisha pale zilipokatwa. Jaribu kuingiza karatasi kwenye mwungano. Ikiingia upande mmoja, kosa lililopo ni nusu ya uwazi huo.

11. Mkato wa kwanza. Fanya mwendo wote mara 10 plagi ikiwa juu ya meza na bledi imeshushwa. Kisha pitisha sumaku juu ya mbao, hasa zile za makreti ya bandarini na za nyumba zilizobomolewa. Mvule ina hatari yake: ndani yake hupatikana mawe magumu ambayo sumaku haiyaoni, na vumbi lake huwasha pua na ngozi, basi vaa barakoa.

Utaratibu wa kila mkato usibadilike: pima, funga, jaribu kipimo, ondoa mawe yote ya kupimia na uyahesabu kisandukuni, vizibo masikioni, chomeka plagi, simama kushoto, washa, sikiliza mpaka mota ifikie sauti yake kamili, sukuma hadi kikomo, zima kwa goti, hesabu, shusha bledi, chomoa. Vizibo usiviache. Kelele za msumeno huu huzidi desibeli 85, na masikio ndiyo tuliyobaki nayo ya kuvukia barabara.

Mambo yakienda kombo

*Harufu ya kuungua.* Bledi ni butu au ina utomvu, au fensi inaelekea bledi. Rudi hatua ya 6. Kusukuma polepole mno pia huunguza.

*Vipande havilingani upana.* Mara nyingi ni unga wa mbao uliojificha kati ya mbao na fensi. Pangusa kwa brashi kila mkato, bledi ikiwa chini. Kama si hivyo, fensi ilisogea ulipoifunga.

*Kigari kinagoma.* Fito zimevimba kwa unyevu. Zitoe, zipigie msasa kidogo upande unaong'aa kwa kusuguliwa (utausikia kwa kidole, ni laini kuliko pengine), kisha zisugue kwa mshumaa.

*Meza inakwaruza.* Ni kutu ya hewa ya chumvi. Isuguliwe kwa msasa laini na mafuta kidogo, ipanguswe ikauke, ipakwe nta. Huku pwani fanya kila wiki.

*Sauti ya mota inazama katikati ya mkato.* Mbao inaanza kuibana bledi. Usiivute nyuma. Shikilia kisukumio palepale, zima kwa goti, hesabu mpaka mwisho, chomoa, ndipo uitoe mbao.

*Stima imekatika mbao ikiwa nusu.* Fanya kama hapo juu, na kitufe cha kuzima ukibonyeze hata kama kila kitu kimenyamaza. Bledi usiishushe kwanza, iache ilipo. Plagi ikiwa juu ya meza na hesabu imekamilika, legeza klampu ya kitana, vuta mbao polepole kuja kwako, ishushe bledi, usubiri stima irudi kwa muda kabla ya kuanza mkato ule upya kutoka mwanzo wa mbao.